Gwantwa Aliposimama Mbele ya Jeneza

Ukitoka Tunduma kuelekea Mbeya huwezi kuikosa Shilanga, maana lami imekikata kijiji katikati. Upande wa juu kuna shule, kisima na mashamba ya kahawa. Upande wa chini kuna kanisa, zahanati na maduka. Hakuna mtu wa Shilanga anayemaliza siku bila kuvuka barabara, na barabara yenyewe haina mapumziko: malori yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo, mabasi, magari madogo ya watu wanaowahi mpakani. Yakifika kwetu yanakuta mteremko mrefu ulionyooka, na mguu wa dereva unakandamiza wenyewe.

Kando ya mteremko huo, chini ya kibanda cha bati kisicho na ukuta wa mbele, ndipo anapofanyia kazi Gwantwa, mke wa Osea Nzowa. Ni fundi viatu. Wageni humtazama mara mbili, kwa sababu kazi ile wameizoea kuiona mikononi mwa wanaume. Gwantwa alizaliwa Isongole, kule Ileje, na baba yake alikuwa akiwashonea viatu wafanyabiashara waliokuja mnadani kutoka ng'ambo, Malawi. Nyumbani walizaliwa wasichana tu, kwa hiyo msharasi wa baba, ule wa kutobolea ngozi, ukaenda kwa binti aliyekuwa hachoki kukaa.

Alipoolewa Shilanga, ukoo wa mume haukuifurahia kazi hiyo. Mama mkwe alisema hadharani, "Mwanamke gani anashika nyayo za wanaume wa watu?" Aliyemtetea alikuwa Asajile, mdogo wake Osea, wakati ule kijana anayejifunza biashara ya nguo Tunduma. Hakubishana na mama yake. Alivua viatu vyake mbele ya watu, akampelekea shemeji yake na kusema, "Shemeji, vishone, nina safari." Kisha akakaa peku kwenye gogo akisubiri, wapita njia wakimcheka, naye akicheka nao. Tangu siku hiyo kazi ya Gwantwa haikusemwa tena, angalau si mbele yake.

Miaka ilikwenda hivyo. Alilea watoto, akachuma kahawa na mumewe, akaimba kwaya jioni, na akahesabika kati ya watu wapole wa kijiji. Kwenye mikutano hakuwahi kusimama kusema neno.

Rafiki yake mkubwa aliitwa Enesi. Walikuwa wakiimba sauti moja, wakikaa benchi moja, na Enesi alikuwa na tabia ya kuvaa viatu mpaka vimwombe msamaha. Asubuhi moja ya Juni, ukungu ukiwa bado umelala juu ya lami, Enesi alipita kibandani na beseni la maharage kichwani, akielekea gulioni upande wa pili. Kiatu kimoja kilikuwa kimefunua mdomo. Gwantwa alikishona palepale. Uzi mweusi ulikuwa umemwishia, akatumia wa bluu.

"Sasa nitaonekana natoka kwa fundi mlevi," Enesi alisema akikitazama.

"Vaa uende. Nani atakutazama miguuni na ukungu huu?"

Enesi akacheka, akatoka. Gwantwa aliinama kutafuta kopo la gundi. Ndipo aliposikia mlio mmoja mzito, kama gunia la mahindi linapodondoshwa kutoka juu ya lori. Hakusikia breki. Alisikia gari likipita, sauti yake ikizidi kwenda mbali, likishuka mteremko kana kwamba halikugusa kitu. Halafu kitu kidogo kikaja kinateleza juu ya lami yenye umande, kikasimama karibu na kibanda.

Kilikuwa kiatu. Kwanza alidhani kimeanguka kutoka kwenye lori la mitumba. Alikiokota, akakigeuza kwa mazoea ya kazi, akaona uzi wa bluu. Nta aliyoupaka ilikuwa bado laini.

Waliokuwepo wanasimulia alichofanya baadaye, kwa sababu yeye mwenyewe hakumbuki. Alitembea hadi pale watu walipokuwa wakikimbilia, akawapenya bila kumsukuma mtu, amekishika kile kiatu kwa mikono miwili. Alipofika kwa Enesi aliyelala katikati ya maharage yaliyotawanyika, alipiga magoti akaanza kumvisha. "Enesi," alikuwa akimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "umeacha kiatu. Enesi, nyanyua mguu." Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Hezron, ndiye aliyemwinua. Gari lile halijapatikana hadi leo. Wengine walisema lilikuwa jeupe, wengine la kijivu. Katika ukungu ule nani angejua?

Kijiji kilifanya kile ambacho vijiji hufanya. Vijana walivingirisha mawe wakafunga barabara, matairi yakachomwa, polisi wakaja, maneno yakasemwa kwa ukali halafu kwa upole, mawe yakaondolewa. Enesi tukamzika. Siku chache baadaye magari yalikuwa yakipita kama zamani.

Gwantwa alirudi kibandani lakini kazi haikutoka. Kila kiatu alichogeuza alikitazama kana kwamba kitasema jambo. Mumewe alimkuta mchana mmoja amekaa tu, ndala ya mtoto magotini.

"Mama Eva, unaumwa?"

"Nilimwambia nani atamtazama," alijibu. "Nilimwambia vile, na kweli hakuna aliyemtazama."

Hezron alipoitisha mkutano, wengi walikuja na hasira. Wapo waliotaka kuchimba mtaro kukatiza lami, wapo waliotaka kurundika tuta la udongo na mawe usiku mmoja, magari yakija yaruke. Hezron, mkulima wa kahawa mwenye sauti ndogo, aliwaacha wakamwaga yote. Kisha akauliza, "Na huyo wa kwanza kuruka juu ya tuta letu akiwa Kefa na pikipiki yake, amembeba mjamzito anakwenda zahanati? Tutamwambia nini?" Watu wakamgeukia Kefa, dereva wa bodaboda, naye akatazama chini.

Pendekezo la Hezron lilikuwa jingine: wapatikane watu wa kujitolea, wasimame barabarani asubuhi watoto wanapokwenda shule na mchana wanapotoka, na siku ya gulio kutwa. Washike bendera. Waweke vibao. Waombe serikali ya kijiji na askari wa usalama barabarani wawape utaratibu. Akauliza nani yuko tayari. Hakuna aliyeinua mkono mwanzoni, maana kila mtu alikuwa na shamba. Aliyesimama alikuwa Gwantwa, mwanamke ambaye hatukuwahi kumsikia mkutanoni. Hakusema kitu hata siku hiyo. Alisimama tu, akabaki amesimama, mpaka Kefa naye akasimama, na Priska wa mgahawa, na wengine.

Askari alikuja kutoka Vwawa akawafundisha pale uwanja wa shule. Aliwapa vizibao vinavyong'aa, akawaonyesha namna ya kuinua bendera na namna ya kuwapitisha watoto kwa mafungu. Kanuni ya kwanza aliirudia mpaka ikachosha: wewe si askari, usilisimamishe gari kwa nguvu, usiingie mbele ya gari linalokimbia. Simama pembeni, onekana, inua bendera mapema. Gari lisipopunguza, wazuie watoto, basi.

Gwantwa alishona bendera mwenyewe kwa kitambaa chekundu cha kushonea sketi za kwaya. Hezron aliandika vibao. Kimoja kiliandikwa: DEREVA, HAPA WANAISHI WATU.

Mwanzoni walitukanwa. "Mama, huna mume?" dereva mmoja alimpigia kelele akipita. Mwingine alimrushia ganda la muwa. Lakini barabara ile ina wenyeji wake, na madereva wa malori ndio wenyeji hao. Wanapita, wanarudi, wanakumbuka sura. Mmoja kutoka Zambia alianza kupunguza toka juu kabisa ya mteremko na kutoa mkono dirishani, "Mwashibukeni, mayo!" akimwamkia kwa Kibemba, naye Gwantwa akamjibu kwa Kindali, kila mtu akaelewa alivyotaka. Wenzake wakafuata. Magari madogo yalikuwa magumu zaidi, ila nayo yalilazimika kupunguza nyuma ya malori. Msimu wa kahawa ukaisha, mvua zikaja, mahindi yakavunwa, na Shilanga haikuzika mtu wa barabarani. Tulianza kuamini.

Kisha ikaja simu ya Asajile.

Haikuwa yake, ilikuwa namba yake mikononi mwa mtu mwingine. Osea alikuwa akianika kahawa kwenye vichanja nyuma ya nyumba. Gwantwa alimsikia akisema "Naam," halafu "Ndiyo, ni mdogo wangu," halafu hakusema tena, akabaki amebandika simu sikioni hata baada ya kukatika. Asajile alikuwa amepanda gari dogo la kukodi, anatoka dukani kwake Tunduma kwenda kumwona mgonjwa. Dereva alitaka kulipita lori mahali pasipopitika. Hakuna aliyekuwa ndani aliyetoka hai.

"Asajile yupi?" Gwantwa aliuliza. Aliuliza hivyo mara nyingi mchana ule, hata baada ya kujibiwa. Katika akili yake Asajile alikuwa amekaa peku kwenye gogo, anasubiri viatu.

Wazee waliamua azikwe Iyula, kwenye kiwanja cha baba yao, na mazishi yawe siku ya pili. Osea alikwenda Tunduma na ndugu wengine kuuchukua mwili. Haisi, basi dogo la kuubeba, ilikuwa ya Gibson, mtoto wa kaka yao mkubwa, kijana anayeishi kwa usukani. Ilitolewa viti vya katikati, jeneza likawekwa hapo, na wanawake wakakaa kwenye viti vilivyobaki pembeni, mjane Restuta kati yao. Nyuma lingefuata lori la fuso lenye waombolezaji. Sisi wa Shilanga tulikubaliana kungoja kando ya lami, msafara ukifika tupande fuso twende pamoja hadi Iyula.

Basi tulikuwa pale, umati wa watu wenye vitenge kiunoni, mchana ukianza kulegea. Gwantwa alikuwa kati ya wanawake wa ukoo. Siku hiyo hakuwa zamuni wala hakuvaa kizibao. Kizibao kilivaliwa na Priska, na bendera ilikuwa mkononi mwa Priska. Kefa alikuwa upande wa pili. Kengele ya shule iligongwa, watoto wakaanza kushuka.

Tuliona taa kwanza. Gari la mbele lilikuwa limewasha taa zote, matawi mabichi yamefungwa mbele. Msiba wetu ulikuwa unakuja. Wanaume wakavua kofia. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti, wengine wakampokea.

Watoto walikuwa ndio wameingia barabarani, fungu la madarasa ya chini, wameshikana mikono kama walivyofundishwa. Priska alikuwa ameinua bendera. Lakini alipoyaona yale matawi, akaishusha. Alituambia baadaye kwamba hakufikiri. Kwetu msiba ukipita unaupisha. Hata mlevi huupisha. Aliinama kidogo, bendera ikaelekea chini, kama mtu anayetoa heshima.

Na gari halikupunguza.

Tulilitazama likija, na kila mmoja wetu, naapa, alikuwa akijiambia kwamba sasa hivi litapunguza. Ni msiba. Ni watu wetu. Ndani yupo mtu aliyeuawa na mwendo. Haiwezekani lisipunguze. Kefa alianza kupiga kelele akiwavuta watoto waliokuwa mbele, wale wa nyuma wakasimama katikati ya lami, hawajui waende mbele au warudi.

Gwantwa alimnyang'anya Priska bendera. Hatukumwona akitoka kwenye umati. Tulimwona tayari yuko katikati ya barabara, kitenge kimemfunguka upande mmoja, mikono yote miwili imeinua kile kitambaa chekundu, uso umelielekea gari. Hakupiga kelele. Osea, aliyekuwa kiti cha mbele, anasema alimtambua mkewe walipokuwa karibu sana.

Breki zililia. Gari liliyumba upande, likarudi, matairi yakatoa moshi, likaja likiwa linateleza mpaka mtu akafumba macho. Liliposimama, matawi yaliyofungwa mbele yalikuwa yamemgusa Gwantwa kifuani.

Na papo hapo tulisikia kishindo kingine, ndani ya gari. Jeneza lilikuwa limesogea mbele na kugonga chuma cha kiti. Mbao juu ya chuma. Mlio huo waliokuwepo hawausahau. Vilio vilikatika palepale. Hata waliokuwa wakiimba ndani walinyamaza katikati ya neno.

Osea alifungua mlango akashuka. Sauti iliyomtoka hatukuijua.

"Mama Eva! Umerukwa na akili? Unamsimamisha ndugu yangu? Unamgongesha maiti?"

Gwantwa hakuondoka njiani. Bendera ilikuwa bado juu. Nyuma yake Kefa alikuwa akiwavusha watoto wa mwisho, mmoja akilia kwamba ameangusha mkoba.

"Msiba hausimamishwi!" mzee mmoja wa ukoo alisema kutoka kwenye fuso lililokuwa limesimama nyuma kwa taabu. "Huu ni mwiko! Mwondoeni huyo mwanamke!"

Wanaume wawili walianza kumsogelea. Ndipo mlango wa pembeni wa haisi uliposukumwa, na Restuta akashuka. Mjane. Kwa desturi hakupaswa hata kukanyaga chini kabla ya kufika. Wanawake walijaribu kumrudisha kwa kitenge, akakiacha kitenge mikononi mwao. Macho yalikuwa yamevimba, na alipozungumza sauti ilikuwa ya mkwaruzo, kama ya mtu aliyepiga kelele shambani kutwa.

"Tangu Mpemba," alisema.

Mpemba ni mji ulio karibu na Tunduma, lakini hakuna aliyeelewa. Osea alimgeukia. "Shemeji, rudi ndani, tafadhali."

"Tangu Mpemba namwambia Gibson apunguze. Nimelia mpaka sauti imekwisha. Mmenishika mikono, mmenifunika uso, mmeniambia jikaze Mama, ndiyo dunia. Mlidhani namlilia marehemu." Alikohoa. "Marehemu nilishamlilia jana. Leo nilikuwa naomba msituue."

Mmoja wa wanawake waliokuwa naye ndani, mama mtu mzima, aliketi chini palepale kwenye lami. "Yesu wangu," alisema. "Nilimziba mdomo. Mimi mwenyewe nilimziba mdomo nikamwambia usimkufuru Mungu."

Gibson alikuwa bado kwenye usukani, mikono haijatoka. Alikuwa akimtazama Gwantwa kupitia kioo. "Mama mdogo, sikusikia," alisema hatimaye, na hatukujua anamwambia yupi, maana wote wawili kwake ni mama wadogo. "Walikuwa wanaimba. Sikusikia. Niliwaona watoto, nikajua watapisha. Kila mtu ametupisha njia nzima."

Restuta hakurudi ndani ya gari. Alimpita mume wa Gwantwa, akampita Gwantwa mwenyewe, akaanza kutembea kuelekea Iyula katikati ya upande wake wa barabara. Shemeji zake walimwita, hakugeuka. Gwantwa aliishusha bendera, akamfuata. Halafu Priska. Halafu wanawake wa kwaya. Mwishowe wote tuliokuwa tukingoja kupanda fuso tulijikuta tunatembea, na haisi ikaja nyuma yetu kwa gia ya kwanza, Gibson akilia waziwazi nyuma ya matawi. Nyuma yake fuso, nyuma ya fuso malori. Baadhi ya madereva walipiga honi mwanzoni. Hezron na Kefa walirudi nyuma wakawaeleza mmoja mmoja, honi zikaisha.

Wengi walipanda gari tulipofika njia ya vumbi ya kwenda Iyula, lakini Restuta alikubali kupanda fuso tu, na akakaa karibu na dereva. Iyula tulifika wazee wamechoka kungoja kaburini. Asajile alizikwa jua likiwa juu ya vilima, haraka haraka, mchungaji akifupisha maneno.

Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa. Hatukushangaa. Kumsimamisha marehemu njiani ni jambo zito, na jeneza kugonga kuliongeza uzito. Gwantwa aliitwa, akaja na kuku kama alivyoagizwa, akapiga magoti.

"Unakiri ulimsimamisha marehemu?" mzee mkubwa aliuliza.

"Nakiri, baba."

"Unakiri kosa?"

Mtu mwingine alianza kumjibia. Gwantwa akamkatiza, "Nakiri nilimsimamisha. Nimeleta kuku kwa sababu hiyo. Kama ni kumwomba radhi Asajile, nimemwomba, na namjua, amenisamehe. Lakini msiniulize kuhusu wale watoto."

Kuku akapokewa. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Adhabu ya pili ilitoka upande asioutegemea. Yule askari wa Vwawa alisikia habari, akaja, na mbele ya wenzake akamwambia amevunja kanuni ya kwanza kabisa aliyowafundisha. Breki zingeshindwa, angekufa yeye, na pengine watu ndani ya gari. Hezron alikubaliana naye. Gwantwa akaambiwa avue kizibao mpaka atakapoitwa tena. Priska alikasirika kwa niaba yake, lakini yeye alikikunja akamkabidhi Hezron. "Anasema kweli," alisema. "Ningewaletea msiba wa pili siku moja." Usiku na mchana baada ya hapo, anasema, ndipo hofu yenyewe ilipomjia, pale barabarani haikuwepo. Akisikia gari lenye watu wanaoimba, alishika nguzo ya kibanda.

Nyumbani Osea alikuwa hazungumzi. Alisema yale ya lazima tu: maji, shamba, mbuzi amekata kamba. Iliendelea hivyo mpaka siku moja walipokuwa wakigeuza kahawa kwenye kichanja, mmoja upande huu, mwingine upande ule.

"Mimi ndiye niliyemwambia Gibson akanyage," Osea alisema bila kuinua macho. "Alitaka kwenda polepole tulipotoka. Nikamwambia wazee wanangoja, jua linashuka, kanyaga."

"Najua."

"Nani amekuambia? Gibson?"

"Hakuna. Gari lilipokuwa linakuja nilikuona. Ulikuwa umeinama mbele, kama mtu anayehimiza ng'ombe."

Osea aliacha kugeuza kahawa. Alikaa kwenye ukingo wa kichanja, mikono magotini, na Gwantwa akamwacha. Alimaliza upande wake, akazunguka, akamalizia wa mumewe.

Jumapili iliyofuata Osea alisimama kanisani Iyula baada ya matangazo, akayasema yaleyale mbele ya watu wote, kwa maneno machache, akakaa. Watu walipigwa na butwaa, maana Osea ni mtu wa heshima zake. Sasa kule Iyula, na hata kwetu, mwili ukienda kuchukuliwa mbali, mzee mmoja hukaa kiti cha mbele kwa kazi moja tu, na hiyo kazi si kuhimiza. Si kila ukoo unafanya hivyo. Wapo wanaosema ni maneno ya wanawake wa Shilanga.

Restuta ameendelea na duka la nguo Tunduma. Akitaka kuja kutuona hupanda basi, na akipanda humwambia kondakta kabisa, mbele ya abiria, "Mimi ni mjane wa barabara hii, nikisema punguza, punguzeni." Wengine humcheka. Sauti yake haijarudi vizuri tangu siku ile.

Gwantwa aliitwa tena mvua zilipoanza, Hezron mwenyewe akamletea kizibao. Niliwahi kumuuliza kama ingetokea tena, angefanya vile. Aliniangalia kama mtu aliyeguswa kidonda.

"Sijui," alisema. "Usiniulize. Mguu ndio uliotoka. Mimi nilikuwa bado nimesimama pembeni na wenzangu, nangoja lipunguze."

Na Gibson bado anaendesha haisi. Hajaacha, hana kazi nyingine. Hajamsalimia mama yake mdogo Gwantwa tangu msiba, na ukoo umeshachoka kuwasuluhisha. Lakini akifika juu ya mteremko wetu, kabla hata ya kibao cha kwanza, gari lake hupungua mpaka abiria wanaanza kunung'unika, na linapita mbele ya kibanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, dereva amekaza macho mbele, wala hageuki.